Mlingoti huteleza kwanza, kuanguka ni baadaye

Haya, hamjambo nyote. Amosou uduto. Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama huko karibu na mlango, viti bado viko hapa mbele, sogeeni tu msiogope. Nimeombwa niongee juu ya milingoti ya antena na huu upepo wetu, na nimefurahi sana juu hii mambo iko kwa roho yangu. Kila mwaka mvua ya masika ikikaribia naanza kuangalia juu ya paa za watu nikipita, naona paipu imeinama, naona antena imegeukia ukuta, na najua wiki moja au mbili hiyo kitu itakuwa chini, na pengine chini yake kuna mtoto anacheza.

Hapa ndani najua kuna watu wa redio ya ridhaa, wale wanaoongea na dunia kwa kupenda tu bila biashara, wenye leseni na kolisaini zao, yale majina ya hewani yanayoanza na 5Z4, kuna wanafunzi, lakini pia naona mafundi wa antena za TV na hawa vijana wa kuweka intaneti kwa mitaa. Nyote mnanihusu. Tangu tuhamie dijitali 2015 kila nyumba imeinua paipu kutafuta signo, na upepo hauulizi kama ni antena ya kuongea na Japani ama ni ya kuangalia habari saa moja.

Sasa neno lenyewe ni hili. Siku nyingine ukiona mlingoti umeanguka, kabla hujaanza kupiga picha, enda uangalie paipu. Mara nyingi utakuta paipu ni nzima kabisa, haijavunjika, pengine imepinda tu kwa sababu ya kugonga chini. Kitu kilichoachilia ni mshiko. Paipu ya ndani imezama kwa paipu ya nje, ama klampu imezunguka, ama nanga ya stei, kile kitu cha kushikilia chini zile waya ama kamba zinazovuta mlingoti pande zote, imechomoka kwa udongo, ama waya umeteleza kwa klipu zake pole pole siku nyingi bila mtu kujua. Kwa hivyo mtu anaponunua paipu nene zaidi baada ya kuanguka na anaifunga vile vile alifunga ya kwanza, amepoteza pesa, na ameweka kitu kizito zaidi juu ya watu.

Tuongee upepo kidogo. Sisi wa Kisumu tunajua mchana upepo unatoka ziwani, unapuliza taratibu kuingia nchi kavu, na mtu anafunga mlingoti wake akifikiria huo. Alafu jioni wingu linajikusanya huko milima ya Nandi na Kericho, linashuka kuja kwetu, na dakika chache kabla ya mvua unasikia baridi ghafla, upepo umegeuka, sasa unatoka mashariki na una nguvu mara kadhaa kuliko ule wa mchana. Mlingoti uliokuwa unasukumwa polepole upande mmoja siku nzima unapigwa kofi upande ule mwingine kwa sekunde. Hapo ndipo kila kitu kilicholegea kinajulikana. Ndugu zetu waliotoka Nakuru leo wao wana yao, ule upepo wa Januari na Februari unaoinua vumbi na kuzunguka, ukiingia kwa antena unaizungusha kama mtu anafungua chupa.

Idara ya Hali ya Anga ikitoa onyo la upepo mkali huwa wanataja kasi ya kupita noti 25, yaani mita 12.9 kwa sekunde, hiyo ni kama kilomita 46 kwa saa. Sasa hapa tuko mita kama 1,130 juu ya bahari na ni joto, hewa yetu ni nyepesi kidogo, lakini hata hivyo kasi hiyo inasukuma karibu kilo 9 kwa kila mita moja ya mraba. Mtu anasema kilo 9 ni kitu gani. Sawa, lakini kasi ikiongezeka mara mbili nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Ikifika kilomita 92 kwa saa ni karibu kilo 35. Na ule upepo wa kabla ya mvua hauji kwa ustaarabu, unakuja kwa mikupuo.

Chukua antena ndogo, tuseme jumla ya uso wake ni mita 0.2 za mraba, iko juu ya paipu inayotoka mita 6 juu ya ukuta bila stei. Kwa huo upepo wa 92 antena inasukumwa na kilo 7. Kilo 7 mwisho wa mkono wa mita 6 ni sawa na kilo 42 mwisho wa mkono wa mita moja. Sasa fundi amefunga paipu kwa ukuta na klampu mbili, na ameziweka sentimita 30 kutoka moja hadi nyingine kwa sababu bati alilokuwa nalo lilifika hapo tu. Kila klampu inavutwa na kilo 140! Angeziachanisha mita moja, kila klampu ingevutwa na kilo 42 tu. Ukuta ni ule ule, paipu ni ile ile, na bolti ni zile zile. Na hapo sijahesabu paipu yenyewe ambayo pia inakamata upepo. Kwa hivyo vijana wa TV, hiki ndicho kitu cha bei rahisi zaidi nitakachosema leo, achanisheni klampu. Na mfunge kwa ukuta wa mawe, sio kwa ile mbao ya ukingo wa paa, ile mbao inashikiliwa na misumari miwili na imani.

Sasa nikuje kwa milingoti ya kuchomoa, ile paipu inaingia ndani ya nyingine, ambayo sisi watu wa redio tunaipenda kwa sababu unaiinua ukisimama chini. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanaumia.

Watu wengi hapa wanatumia paipu za maji za galvanaizi, ya inchi moja na nusu ndani ya inchi mbili. Majina ya hizo paipu yasikudanganye. Ile ya inchi moja na nusu kwa nje ni milimita 48 na kitu, na ile ya inchi mbili ya kawaida kwa ndani ni kama 53. Inabaki nafasi ya karibu milimita 5, paipu inacheza humo ndani, na upepo ukitikisa juu, chini inagonga-gonga usiku mzima. Mtu anaweka bolti moja ya kusukuma kutoka kando, anaikaza mpaka jasho limtoke, anasema imeshika. Imeshika kweli, siku hiyo. Lakini bolti ya kusukuma inashika kwa kukwaruza tu, ncha yake iko juu ya chuma laini kilichopakwa zinki, mvua ikiingia hapo kunateleza, paipu ikitikisika mara elfu kwa usiku mmoja ile ncha inajichimbia njia, na paipu inaanza kushuka nusu sentimita, nusu sentimita.

Na ikishuka kidogo stei zinalegea. Mwenye mlingoti anaamka asubuhi anaona stei zimelegea, anafanya nini? Anazikaza. Nawaomba mnisikilize sana hapa. Stei hazivuti mlingoti kando peke yake, zinauvuta chini pia. Ukiwa na stei tatu, kila moja imeshuka kwa pembe ya nyuzi 45, na kila moja umeikaza kwa kilo 50, mlingoti wako unabonyezwa chini na kilo 106 kabla hata upepo haujaja na kabla hujaweka antena. Ukisogeza nanga karibu na shina, stei zikawa zimesimama kwa nyuzi 30 kutoka kwa mlingoti, inakuwa karibu kilo 130. Na ile stei ya upande wa upepo ikivutwa inaongeza tena. Kwa hivyo mtu anayekaza stei ili mlingoti usiteleze ndiye anayeusukuma uteleze, anakaza leo, unashuka kesho, anakaza tena, na anashangaa. Kwa waya wa chuma mkazo wa kuanzia ukiwa kama asilimia 10 ya nguvu yake ya kukatika unatosha, zaidi ya hapo unajenga mashini ya kuzamisha paipu.

Dawa yake ni kuacha kutegemea kukwaruzana. Paipu ya juu ipate kiti. Toboa paipu ya nje peke yake, pande zote mbili, pitisha bolti ya milimita 10 katikati, na paipu ya ndani ikae juu ya hiyo bolti na mguu wake. Sasa hata ubonyeze na kilo 200 haina mahali pa kwenda, kwa sababu chuma kimezuia chuma. Alafu sentimita kama 50 juu ya hapo toboa paipu zote mbili pamoja na upitishe bolti ya pili, hii ni ya kuzuia isizunguke na isiruke juu. Zipishane, moja ielekee kaskazini-kusini na nyingine mashariki-magharibi, ili usitoboe upande ule ule mara mbili. Paipu ziingiane sentimita 60 hivi, usibane ukitafuta urefu, najua kila mtu anataka mita moja zaidi lakini hiyo mita ya kuiba kwa kiungo ndiyo inakuangusha. Ile nafasi ya milimita 5 ijaze, kata vipande vya bati la galvanaizi, uzungushe paipu ya ndani mahali pawili, juu na chini ya kiungo, mpaka iingie kwa shida kidogo na isicheze. Na nati iwe ile yenye plastiki ndani isiyofunguka kwa kutikisika, ama weka nati mbili zibanane. Usikaze bolti ya kupita mpaka paipu ikawa bapa, hiyo bolti kazi yake ni kukaa pale tu.

Kitu kingine, usitoboe pale mlingoti unapinda zaidi. Ukiwa na pete ya stei, paipu inapinda sana hapo kwa pete, tundu liwe mbali na hapo. Na chini kabisa ya mlingoti toboa kashimo kadogo ka maji kutoka, kwa sababu paipu iliyosimama na maji ndani inaoza kutoka ndani na wewe unaona rangi inang'aa nje unafurahi.

Wale wenye milingoti ya faiba ya kuvuta kama fimbo ya kuvulia samaki, hiyo huwezi kutoboa, ikitobolewa inapasuka. Yenyewe inashika kwa kuzungushwa na kubanana, na jua la Kisumu mchana na baridi ya mvua jioni zinafanya ule mshiko uachilie. Kwa kila kiungo zungusha mpira wa tyubu, ule vijana wa boda wanafungia mizigo, alafu juu yake weka klipu za kukaza mpira wa redieta, klipu moja ikae hapo juu kwenye mdomo wa paipu nene ili paipu nyembamba isiweze kuzama. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo, basi. Tyubu linaharibiwa na jua, likianza kupasuka-pasuka badilisha, ni kitu cha shilingi chache sana kwa fundi wa baiskeli.

Kuna kuteleza kwingine, kule kwa kuzunguka. Mlingoti umesimama vizuri lakini antena ilikuwa inaangalia Nairobi na sasa inaangalia Busia. Antena ya yagi, ile yenye vijiti vingi kwa fimbo moja, ikifungwa mahali ambapo upande mmoja unakamata upepo zaidi, upepo unaifanya igeuke kama bendera, na klampu ya kawaida kwa paipu laini haitaizuia. Kwa antena ambayo haina mota ya kuizungusha, mimi sina maneno mengi, pitisha bolti kwa klampu na paipu, imalizike. Kwa wenye rotata, yaani hiyo mota, hapa watu hawakubaliani na sitawaficha. Wengine wanasema pia hapo piga bolti. Wengine wanasema acha klampu iteleze kidogo siku ya dhoruba kubwa, ndio meno ya gia za rotata yasivunjike. Mimi nasimama na hawa wa pili kwa antena kubwa za HF, yale masafa ya kuongea na nchi za mbali, kwa sababu kurudisha antena mahali pake ni kazi ya asubuhi moja lakini gia za rotata ziagizwe kutoka ng'ambo. Kwa antena ndogo ya VHF, ile ya masafa ya karibu, piga bolti tu.

Stei zenyewe. Tafadhali, ile kamba ya manila ya bluu ama ya kijani ya kufungia ng'ombe, hapana. Jua linaila, unaishika baada ya miezi kadhaa inakuwa unga mkononi. Nailoni inanyooka sana, mlingoti utacheza. Katani inavuta maji na kuoza. Kama ni kamba, tafuta ya poliesta. Kama ni waya wa chuma, tumia klipu za waya tatu kila mwisho, na hapa kuna jambo mafundi wengi hukosea: ile sehemu yenye umbo la U ikae kwa kipande kifupi cha waya, kile kilichokatwa, na ile sehemu pana yenye mifereji ikae kwa waya mrefu unaobeba mzigo. Ukigeuza, ile U inauma waya unaobeba mzigo na kuudhoofisha. Weka na kile kiatu cha chuma ndani ya kitanzi ili waya usijikate. Na ukishakaza stei, rudi baada ya siku chache ukaze klipu tena, kwa sababu waya ukivutwa unakonda kidogo na klipu inabaki inashika hewa. Zile skrubu ndefu za kukazia stei nazo zinajifungua zenyewe kwa kutikisika, pitisha kipande cha waya katikati yake ufunge pande zote mbili.

Nanga sasa. Umbali mzuri kutoka kwa shina ni kama robo tatu ya urefu wa mlingoti, ama hata sawa na urefu wenyewe kama una nafasi. Ploti zetu nyingi ni futi hamsini kwa mia, yaani upana wa mita 15 hivi, ukisimamisha mlingoti katikati unapata mita 7 kila upande, kwa hivyo mlingoti wa mita 9 ama 10 ndio mwisho wako hapo. Anayetaka mita 15 kwa ploti hiyo, ninamwambia kwa upendo, hapana.

Ndugu wa Ahero na kule Kano, udongo wenu mweusi ninauheshimu na kuuogopa. Kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia, mvua ikinyesha unavimba unakuwa uji. Ukipigilia chuma cha nondo hapo, Januari kimeshika kama jiwe, Aprili unakichomoa na vidole. Hapo zika nanga. Chimba mita moja kwenda chini, laza kipande cha paipu ama cha reli ama gogo gumu kikiwa kimekingama na stei, funga waya hapo, rudisha udongo ukiushindilia kidogo kidogo, na bora zaidi mimina zege. Nakuru nako udongo wa majivu ya volkeno ni mwepesi, fanya vivyo hivyo. Upande wa Seme na Maseno kwenye mawe makubwa mmebarikiwa, toboa jiwe muweke bolti ya kupanuka. Lakini popote ulipo usifunge stei kwa mti, mti unayumba wakati ule ule wa upepo, unavuta na kuachilia, unavuta na kuachilia.

Yale mengine nitapita haraka lakini msifikiri ni madogo. Mlingoti wa mita 10 uwe angalau mita 15 kutoka kwa waya wa stima, kwa sababu ukianguka hakuna anayechagua upande. Chomoa kebo ya antena mapema kabla radi haijaanza kunguruma, na mlingoti uwe na waya mnene wa kwenda ardhini, tunajua radi ya huku magharibi vile iko. Na walio karibu na uwanja wa ndege, upande wa Usoma na Kisian, kabla hujainua kitu kirefu uliza watu wa usafiri wa anga kwanza.

Mnaniuliza kwa nini najali hivi. Mto Nyando ukivunja kingo, Budalang'i ikifurika, stima inapotea, na minara ya simu ikiishiwa na betri simu zinanyamaza. Redio ya ridhaa na betri ya gari inaweza kubeba ujumbe hapo, lakini tu kama antena bado imesimama, na dhoruba inayoleta mafuriko ndiyo hiyo hiyo inayoteremsha antena. Mtu wa redio ambaye mlingoti wake unaanguka siku ya dhoruba hana kazi siku ambayo angehitajika.

Mzee mmoja hapa mbele ameniuliza kama ni lazima ateremshe mlingoti kila onyo la upepo likitoka. Mzee wangu, kama unaweza, ndiyo. Tengeneza mguu wake na bawaba, bolti moja kubwa ya kuzungukia, ili watu wawili wauinamishe na kamba bila mtu kupanda. Kama hauwezi kuinamishwa, basi teremsha ile sehemu ya juu tu, mlingoti wa nusu urefu unaumia kidogo sana. Na kabla ya kuinua tena chora mstari wa rangi pale paipu mbili zinapokutana, ukiuona umesogea hata kidogo unajua kiungo kimeanza, unaenda na spana siku hiyo hiyo.

Na huyu dada ameuliza kuhusu mwanzi, kama anaweza kutumia badala ya chuma. Unaweza, kwa antena nyepesi ya waya mwanzi mkavu ni mzuri sana. Lakini usiutoboe, unapasuka kutoka tundu mpaka kifundo. Unganisha miwili ubavu kwa ubavu, iingiliane mita moja, funga mahali patatu na tyubu ukilivuta kabisa, na hakikisha mwanzi wa juu umekaa juu ya kifundo cha ule wa chini, ama juu ya kigingi ulichofunga hapo, usiuache unaning'inia kwa tyubu peke yake.